Ami Metwalli na Kamera Inayopiga Hodi

Saa tatu asubuhi karakana za samani za mji wa Damietta zimeshaanza kelele. Msumeno unalia mtaa wa nyuma, mtu anapigilia misumari chini ya jengo, na harufu ya vanishi imepanda mpaka ghorofa ya tatu. Huko juu, mbele ya mlango ulioachwa wazi, Metwalli el-Ghobashi amesimama akiwa ameupa mlango mgongo na uso ameuelekeza ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Begani ana mkoba wa vifaa, mkononi ana ngazi ya kukunja.

Anagonga chuma cha ngazi za jengo kwa ufunguo wake.

"Ya Satir!" anaita, kwa sauti inayofika mpaka chini. "Hajjat Inshirah, ni mimi Metwalli!"

"Ngoja!" inajibu sauti ya kike kutoka ndani.

Anangoja. Fremu ya chuma ya kutembelea inasikika ikigonga vigae, kitu kinaanguka, kisha mtu anakilaani.

"Haya, pita. Na ufute viatu. Ummu Safwat amenipigia deki jana, usije ukanigombanisha naye."

Ndipo Ami Metwalli, kama anavyoitwa na nusu ya mji, anapogeuka na kuingia.

Ya Satir ni wito wa mwanamume anayeingia nyumba isiyo yake. Anamwita Mungu kwa jina lake la Msitiri, na waliomo ndani wanajua wamepewa nafasi ya kujisitiri kabla hajatokeza. Wenye Kiswahili tungesema hodi. Ami Metwalli ameita hivyo maisha yake yote ya kazi, na siku hizi anaita hivyo kupitia kamera.

Mwenye nyumba, Hajjat Inshirah, ana miaka sabini na minane, ni mjane wa fundi makochi, na anaishi peke yake. Miezi michache iliyopita alianguka akavunjika nyonga. Sasa amerudi kwake, mguu unaendelea vizuri, na Ami Metwalli amekuja kuirudisha kamera yake ukutani.

Kuirudisha ni kazi ndogo. Kinachomsumbua ni swali analotakiwa kumuuliza Hajjat kabla ya kuiwasha. Asipopata jibu, kampuni anayoifanyia kazi haitaiangalia tena nyumba hii. Na Hisham, mtoto pekee wa Hajjat, anayefanya kazi Kuwait, ameshasema bila kuficha: bila kamera mama yake haishi peke yake, atahamia kwake Kuwait, kwenye jengo refu ambako hatamjua hata muuza mkate.

"Kuwait nitakwenda nikiwa nimebebwa," Hajjat ananiambia kabla hata sijakaa. "Andika hivyo hivyo."

Swali lenyewe ni fupi. Siku Ami Metwalli atakapoita na Hajjat asijibu, aangalie au asiangalie?

Ili kuelewa kwa nini mzee wa miaka hamsini na tisa anaogopa swali kama hilo, lazima turudi kwenye umeme.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Ami Metwalli alikuwa msoma mita. Katika majengo ya zamani ya Damietta mita ziko ndani ya nyumba, ukumbini au kwenye korido ya jikoni, hivyo anayetaka kuisoma lazima apite katikati ya maisha ya watu: nguo zimeanikwa, mtoto anaogeshwa, mama anachambua mboga ya mlokhia nywele zikiwa wazi. Ami Metwalli alikuwa akiita kuanzia chini ya ngazi, akangoja kwenye kila mlango mpaka aambiwe pita, kisha akatembea bega likigusa ukuta na macho yakiwa kwenye vigae. Akifika kwenye mita anainua kichwa. Akimaliza anakiinamisha tena na kutoka.

"Huu ni mji wa makochi," anasema akicheka. "Kila nyumba hapa ina kochi la kuringia. Mimi nimeingia nyumba hizi miaka yote, lakini niulize kochi la mtu lina rangi gani. Sijui! Vigae nitakuchorea."

Akina mama wenye vijana wa kuoa walilijua hilo na halikuwafurahisha. Walimvizia ngazini na sahani ya mashabik, vitamu vinavyodondosha shira, wakitaka kujua kama binti wa ghorofa ya juu ameshakamilishiwa vyombo vya ndoa, kama friji ni jipya, kama ni kweli nyumba ile haifagiliwi.

"Nikawaambia nimeona mita," anasema. "Mashabik nilikula, siwezi kukudanganya. Lakini nimeona mita."

Kisha zikaja mita za kadi, ambazo mtu huzilipia kabla na hazihitaji kusomwa na yeyote. Ami Metwalli akabaki nyumbani na ugonjwa wake wa sukari na mke wake Dawlat, ambaye anasema kipindi kile kilikuwa kigumu kuliko vyote katika ndoa yao.

"Alikuwa akifika mlango wa jikoni kwangu anaita Ya Satir," Dawlat ananiambia kwa simu. "Nikamwambia, we mzee, tuna watoto wanne, unamsitiri nani hapa?"

Kazi ya sasa aliipata kwa mhandisi kijana, Yosra, aliyeanzisha na wenzake kampuni ndogo ya kuwaangalia wazee wanaoishi peke yao. Damietta ina wazee wengi wa aina hiyo. Watoto wako Kuwait, wako Riyadh, wako Milano. Yosra alihitaji mtu ambaye wazee wangekubali kumfungulia, na kila mlango aliobisha aliulizwa kama anamfahamu yule mtu wa umeme, yule mwenye adabu. Akaenda kumtafuta. Mshahara ni pauni elfu saba kwa mwezi, na karibu theluthi yake inaishia duka la dawa.

"Namshukuru Mungu na namshukuru binti yule," anasema Ami Metwalli. "Mtu wa umri wangu hapa mjini anaitwa kwenye mazishi tu."

Kamera zenyewe ni vidude vidogo vyeupe. Kila nyumba kinawekwa kimoja, juu ukumbini, mahali kinapoona mpaka koridoni. Chumba cha kulala na bafu haviguswi. Ndani ya kidude hicho mtu anageuzwa vijiti: kijiti cha mgongo, vya mikono, vya miguu, na duara la kichwa. Vijiti hivyo ndivyo vinavyofika kwenye skrini ofisini. Havina uso, havina nguo, havina nywele. Vikilala mahali ambapo mtu halali, kengele inalia, na hapo mwangalizi anaruhusiwa kufungua picha kamili ili ajue afanye nini.

Mashine hiyo ilifundishwa ughaibuni, na hapo mwanzo ilikuwa na vituko. Adhuhuri ya kwanza kabisa kengele za nyumba zote zililia kwa pamoja. Yosra aliruka kutoka kwenye kiti akidhani ni tetemeko la ardhi.

"Nikamwambia, binti yangu, kaa," Ami Metwalli anakumbuka. "Hawajaanguka. Wamesujudu."

Mashine ikafundishwa sala, na leo inaitambua. Nimekaa na Ami Metwalli ofisini nikamwona akiwajua wazee wake kwa mwendo wa vijiti tu. Huyu anavuta mguu wa kushoto, yule husimama katikati ya ukumbi akisahau alikuwa anakwenda wapi. Vijiti vikielekea bafuni, yeye anainamisha macho. Ni mazoea, anasema.

Lakini kule kufungua picha ndiko kulikoleta maneno.

Mwanzoni hata Hisham aliweza kufungua kwa simu yake akiwa Kuwait. Siku ya Sham el-Nessim, sikukuu ya majira ya kuchipua, mji mzima ukinuka samaki wa chumvi, Hajjat Inshirah, ambaye kwa sababu ya presha amekatazwa chumvi, alijifungia na kipande cha samaki huyo aitwaye fesikh, vitunguu vya majani na mkate. Kabla hajamaliza tonge la pili simu ikalia.

"Mama, weka chini hicho."

"Kipi?"

"Hicho cha mkono wa kulia."

Hajjat anaisimulia kwa mikono yote miwili. "Nikatazama dirishani. Nikatazama chini ya meza. Kisha nikakiangalia kile kitu ukutani, nikaelewa. Nimevaa gauni la ndani, mikono wazi, nywele hivi! Nikajiuliza, na nani mwingine ananiona? Wenzake kazini? Wamekaa wanakunywa chai wananiangalia nikinyonya miiba?"

Alipanda juu ya kiti, katika umri wake, akaivisha kamera soksi ya marehemu mume wake.

Kwa siku kadhaa vijiti vya Hajjat havikuonekana. Yosra alipiga simu, ikakatwa. Akaenda mwenyewe, akafukuzwa akiwa bado ngazini. Ndipo akamtuma Ami Metwalli. Yeye alifika, akaita, akangoja, akaambiwa pita, akakaa chini ya ile soksi akinywa chai bila kuitaja hata kidogo.

"Nilimwambia hivi," Hajjat anasema. "Nikamwambia, wewe umeingia humu miaka yote na hujawahi kuniona kichwa wazi. Kwa nini? Kwa sababu unaita. Sasa hii kamera yako imelelewa na nani, mbona haina hodi?"

Ami Metwalli aliyapeleka maneno hayo ofisini kama yalivyo. Yosra angeweza kucheka, lakini hakucheka. Aliifunga simu ya Hisham isiweze tena kufungua picha, ikabaki na vijiti tu. Kisha akatia spika kwenye kila kamera, akaipanga mashine ili mwangalizi asiweze kufungua kabla hajaita na kusubiri jibu. Ilimchukua wiki nyingi, na wenzake walilalamika kwamba ni kupoteza muda. Yosra anasema nyanya yake mwenyewe angeivisha soksi pia.

Hajjat aliongeza sharti lake moja: kwake aite Metwalli tu, sauti anayoijua. Soksi ikavuliwa.

Masharti mengine yalikuwa yale yale ya mita. Nikisema pita, fungua. Nikisema ngoja, ngoja. Nisipojibu, sipo, nenda zako. Hakuna aliyeona kasoro. Nyumba za huku zimeingiwa hivyo tangu zamani; mtu asiyejibu hayupo, na msoma mita anakwenda mlango wa pili.

Kasoro ilionekana siku aliyoanguka.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Hajjat alikuwa ametoka kuosha nywele, akateleza kwenye maji koridoni. Ofisini kengele ililia, na Ami Metwalli akaona vijiti vimelala chini, mguu mmoja umekaa vibaya.

"Ya Satir! Hajjat Inshirah, ni Metwalli!"

Kimya. Akaita tena. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, na maneno ya Hajjat yalikuwa masikioni mwake: nisipojibu, sipo. Lakini yupo, vijiti hivi hapa, mbele ya macho yake. Akaita mara nyingine, safari hii kwa sauti ya kuvunja spika.

"Ngoja!"

"Hajjat, umeanguka?"

"Nimesema ngoja! Una haraka ya nini we mwanamume? Sina kitu kichwani."

Vijiti vikaanza kujiburuta. Mtandio ulikuwa kwenye kiti, mwisho wa korido. Kijiti cha mkono kikanyooka, kikavuta, kikatulia. Kikanyooka tena.

Yosra alikuwa amesimama nyuma yake. "Ami, fungua. Huenda anatokwa na damu."

"Amesema ngoja."

"Basi nipishe niangalie mimi. Mimi mwanamke mwenzake."

Ami Metwalli aliona hilo ni wazo zuri, akamweleza Hajjat. Jibu lilikuja na pumzi fupi fupi.

"Kamera haijui mwanamke wala mwanamume. Ikifunguka imefunguka. Ikishatoka hapa hiyo picha, inakwenda kulala kwa nani?"

Yosra alikuwa na jibu, tena jibu zuri, lakini halikuwa jibu la kumpa mtu aliyelala kwenye maji. Alichukua simu akampigia Ummu Safwat, jirani wa ghorofa ya chini, aliyewekewa ufunguo. Kisha akaita gari la wagonjwa. Ami Metwalli akabaki na spika.

"Hajjat, acha kujiburuta. Mimi nimeelekea ukuta. Niambie tu, kuna damu?"

"Maji. Maji matupu."

"Vidole vya mguu vinacheza?"

"Vya kushoto vinacheza. Vya kulia vinanitukana."

"Basi usivisumbue. Ummu Safwat anapanda."

"Anapanda na magoti yale? Nitazikwa kabla hajafika."

Na kweli alikuwa ameelekea ukuta. Yosra ndiye aliyenieleza: mzee aligeuza kiti akaipa skrini mgongo, ingawa juu yake hapakuwa na kitu ila vijiti.

Ummu Safwat alifika akihema, akamfunika shoga yake kichwa kabla hata ya kumuuliza kaumia wapi. Ndipo ikasikika sauti iliyochoka kabisa ikisema, "Haya Metwalli, pita sasa." Picha ikafunguliwa. Waliuona mguu, wakamzuia Ummu Safwat asimwinue, na watu wa gari la wagonjwa walipofika walikuwa wameshaambiwa wabebe vipi na wapitie wapi.

Daktari alisema kule kusubiri hakukuzidisha chochote. Lakini wakati ule hakuna aliyelijua hilo, na Ami Metwalli halitumii kujitetea.

"Niliogopa," anasema. "Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikajisemea, akinyamaza sasa hivi, nitafanya nini? Nimemwahidi. Nitakaa namwangalia anakufa kwa sababu nimemwahidi? Au nitaingia, kisha apone asiniamini tena, wala asimwamini mtu mwingine? Mungu alinihurumia. Hakunyamaza."

Hisham alipiga simu jioni ile ile.

"Mama yangu yuko sakafuni na wewe unapiga hodi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Unasema ndiyo?"

"Ndiyo. Aliniambia ningoje."

Hisham alitaka mzee afukuzwe. Aliyemzuia ni mama yake, akiwa kitandani hospitalini, hata hajapasuliwa.

"Nikamwambia, Hisham, wewe uliniona nakula samaki ukanipigia kelele," anasema Hajjat. "Huyu aliambiwa asinione, hakuniona. Sasa niambie wewe mwenyewe, kati yenu wawili nani nimwachie mlango wazi?"

Hisham mwenyewe hakatai kuzungumza. "Nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika kidogo," ananiambia kwa simu kutoka Kuwait. "Lakini mama yangu namjua. Bila Ami Metwalli ile soksi ingekuwa bado iko pale. Angeanguka na sisi tusingejua mpaka Ummu Safwat amkose. Kwa hiyo namshukuru. Mwambie namshukuru, mimi nikimwambia ananiona natania."

Leo, juu ya ngazi yake ya kukunja, Ami Metwalli anakaza skrubu ya mwisho ya kamera. Ameikaza kwa muda mrefu sasa. Hajjat, akiwa kwenye kochi, anamtazama.

"Metwalli, hiyo skrubu imekukosea nini?"

Anashuka. Na akishuka anaona kitu ambacho mtu mwenye mazoea ya kutazama chini ndiye hukiona kwanza. Ukumbini, kwenye korido, karibu na mlango wa bafu, kila mahali kuna msumari uliopigiliwa chini ukutani, usawa wa goti, na kwenye kila msumari umetundikwa mtandio.

"Nani amekupigilia hii?"

"Ummu Safwat. Nusura ajivunje kidole, tukacheka mpaka nikaogopa nyonga itafunguka. Popote nitakapoangukia, mkono unafika. Sitaki kukuweka mlangoni muda mrefu tena, ulisubiri sana siku ile."

Ami Metwalli anatoa leso na kujifuta macho waziwazi, bila kusingizia vumbi.

"Mungu akuweke, Hajjat."

"Na wewe akuweke. Ulinisitiri nikiwa sina hata mkono wa kujisitiri." Kisha ananigeukia mimi, kana kwamba kumwambia yeye moja kwa moja kunamtia haya. "Nilikuwa na maumivu, usifikiri sikuwa nayo. Lakini sikuogopa. Nilijua yuko mtu pale nje, na haingii mpaka nimwambie."

Ummu Safwat analeta chai, jibini na mkate wa moto, anaweka, anauliza kama nimeoa, anaondoka. Tukiwa tunakula Ami Metwalli ananieleza mpango wake. Anataka kuzunguka nyumba zote anazoziangalia na kuwauliza wenyewe swali hilo la kunyamaza, uso kwa uso, kabla hajaanguka mwingine. Yosra ameshabadilisha utaratibu. Hakuna kamera itakayowashwa kabla mwenye nyumba, si mwanawe, hajatoa jibu lake. Nyumba chache ameshazimaliza. Mzee mmoja amesema ingieni tu, mimi sina cha kuficha ila madeni. Bibi mmoja amekataa kabisa na kamera yake imeondolewa. Mwingine amesema aulizwe paka wake.

Anatumaini pia Yosra atapata wanawake wa kutosha wa kukaa kwenye skrini, ambao yeye Metwalli atawafundisha namna ya kuita na namna ya kungoja. Umri wake unakwenda, na Dawlat ameshamwonya kwamba ikifika zamu yao wawili kuwekewa kamera, hatakubali kuitwa na sauti ya mtu asiyemjua.

Chakula kimeisha. Hakuna tena cha kukaza wala cha kula.

"Hajjat," anasema Ami Metwalli, macho yakiwa kwenye vigae, "kuna jambo hatukulizungumza."

"Najua."

"Unalijua?"

"Nimelazwa muda wote ule, nilikuwa na kazi gani nyingine ya kufanya? Unataka kuniuliza nikinyamaza."

"Ndiyo."

"Hisham amekutuma?"

"Hapana. Hisham anataka niingie tu. Mimi nataka uniambie wewe. Ukisema nisiingie, sitaingia. Lakini sitaweza kukaa kwenye ile skrini nikikuangalia, Hajjat. Moyo wangu hauwezi tena. Na Yosra naye hataiwasha."

"Na nisipowashiwa, Kuwait."

"Kuwait."

Hajjat Inshirah anavuta pindo la mtandio wake, analikunja, analikunjua.

"Nikinyamaza nitakuwaje?"

"Huenda umezimia. Huenda zaidi ya hapo."

"Na kichwa wazi."

"Huenda."

"Na utaona."

"Nitaona, Hajjat. Siwezi kukudanganya."

Anaitazama kamera kwa muda mrefu. Ami Metwalli hatikisiki. Amengoja kwenye mlango huu mara nyingi, na hata sasa, akiwa amekaa ndani na glasi ya chai mkononi, ni wazi kwamba bado anangoja kuambiwa apite.

"Washa," Hajjat anasema hatimaye. "Nikinyamaza, ingia. Lakini ita kwanza. Hata kama sisikii, Metwalli, we ita."